Bahari Yenye Joto Isiyozaa Vimbunga

Mwezi wa Machi, kaskazi ikishalegea na kusi bado haijashika, maji ya bahari kati ya Mombasa na Mafia huwa ya moto kuliko karibu miezi mingine yote. Ukitumbukiza kipimajoto utasoma nyuzi 29, pengine 30. Vitabu vya jiografia vinafundisha kwamba kimbunga huhitaji bahari yenye nyuzi 26 na nusu au zaidi. Kwa kanuni hiyo peke yake, pwani hii ingekuwa kiwanda cha vimbunga, na misikiti ya Lamu isingesimama karne zote hizo. Kumbe mvuvi wa Shimoni anaweza kuzaliwa, kuzeeka na kuzikwa bila kukiona kimbunga hata kimoja, ilhali mwenzake wa Toamasina, huko mashariki ya Bukini, yaani Madagaska, ambaye bahari yake haina joto la kuishinda hii, anajua kabisa kwamba paa lake ni la muda. Anayeuliza vimbunga huzaliwa wapi hujibiwa kwa kipimajoto, na jibu hilo ni nusu tu ya jibu. Joto ni kuni. Moto hauwaki bila kuni, lakini rundo la kuni kavu laweza kukaa uani mwaka mzima bila kuwaka. Ninachotaka kukionyesha katika sura hii ni kwamba pwani ya Afrika Mashariki hailindwi na bahari yake hata kidogo. Inalindwa na mahali ilipo juu ya tufe linalozunguka, na ulinzi huo una vipimo vinavyohesabika, digrii kwa digrii, kutoka Lamu hadi Mtwara.

Tulipe joto haki yake kwanza. Maji yanapogeuka mvuke huchukua joto jingi ambalo mkono hauwezi kulihisi. Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 0 mpaka 100 kunatumia chini ya moja ya tano ya joto linalohitajika kuigeuza lita hiyohiyo yote kuwa mvuke. Ndiyo maana sufuria ya maji huchemka upesi lakini huchukua muda mrefu kukauka. Joto hilo halipotei. Linapanda pamoja na mvuke, na mvuke unapokuwa matone ya wingu huko juu, linaachiliwa. Hewa inayolipokea inakuwa nyepesi, inazidi kupanda, na chini yake mgandamizo wa hewa unapungua. Hewa ya pembeni inakimbilia kujaza pengo, ikifagia uso wa bahari na kuokota mvuke mwingine njiani. Upepo ukikaza, mvuke unaongezeka. Mvuke ukiongezeka, upepo unakaza. Ushahidi kwamba bahari ndiyo inayolisha mtambo huu unaonekana kila mara kimbunga kinapoingia nchi kavu: pepo hufifia ndani ya siku moja au mbili, hata kama mvua inaendelea kuua watu, kama Idai alivyofanya Machi 2019 baada ya kupiga Beira na kuingia ndani mpaka Zimbabwe. Wala joto la juujuu halitoshi. Mawimbi ya kimbunga hukoroga bahari na kuleta juu maji ya chini, kwa hiyo tabaka la moto lisipofika kina cha mita 50 hivi, kimbunga hujizima chenyewe.

Hiyo namba ya 26 na nusu inahitaji kutazamwa upya, maana imekuwa kama aya isiyohojiwa. Mwaka 1948 mtaalamu wa Ufini, Erik Palmén, aliona kwamba vimbunga havizaliwi juu ya bahari iliyo baridi kuliko nyuzi 26 au 27. Alieleza alichokiona, na alichokiona kilikuwa sahihi. Lakini bahari haijui namba hiyo. Kinachohesabika ni tofauti kati ya maji ya chini na hewa ya juu, kule kilomita 15 ambako hata katika ukanda wa tropiki baridi hufika nyuzi 70 chini ya sifuri. Injini yoyote ya joto huendeshwa na tofauti hiyo kati ya upande wa moto na upande wa baridi. Namba 26 na nusu ni alama ya pale ambapo tofauti hiyo inatosha katika hali ya hewa ya zama hizi. Msomaji aliweke hilo akiba, tutalihitaji tutakapofika kwenye suala la dunia kuongezeka joto.

Sasa kile kinachokosekana. Dunia inajizungusha mara moja kwa siku. Mtu aliyesimama kwenye ncha ya kaskazini au ya kusini huzungushwa papo hapo kama pia, duara zima kwa siku. Aliyesimama ikweta hubebwa kuelekea mashariki kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, lakini hageuzwi kulia wala kushoto. Kati ya ncha na ikweta, kila mahali pana mgawo wake. Tukiuita mgawo wa nchani asilimia 100, Beira inapata 34, Mtwara karibu 18, Unguja karibu 11, Mombasa 7, na Lamu 4 tu. Mgawo huo ndio unaoipinda hewa inayokimbilia kwenye mgandamizo mdogo; wataalamu huuita kani ya Coriolis, kwa jina la Mfaransa aliyeikokotoa katika karne ya 19. Pale Nanyuki, na vilevile Kayabwe nchini Uganda, wapo vijana wenye beseni zilizotobolewa ambao huwaonyesha watalii maji yakizunguka upande huu hatua chache kusini mwa mstari, na upande ule hatua chache kaskazini. Ni kazi ya mikono iliyofanywa kwa ustadi, na yastahili malipo yake, ila Coriolis hayumo ndani ya beseni. Kani hiyo ni dhaifu mno kuyasumbua maji ya kipimo hicho. Inahitaji mamia ya kilomita na saa nyingi, yaani inahitaji kitu chenye ukubwa wa kimbunga.

Uzito wa mgawo huo unaonekana kwa hesabu nyepesi. Mtoto anayejizungusha huku amenyoosha mikono huongeza kasi akiikunja kifuani; hewa inayovutwa kuelekea kitovu hufanya vivyo hivyo, ikianza na mzunguko iliopewa na dunia. Chukua hewa iliyotulia kilomita 500 kutoka kitovuni, uivute mpaka zibaki kilomita 50, na usahau msuguano wote. Katika latitudo ya Beira hewa hiyo itakuwa inazunguka kwa kilomita 440 hivi kwa saa. Ya Mtwara, 230. Ya Unguja, karibu 140. Ya Mombasa, 90 na kidogo. Ya Lamu, 50, upepo ambao nahodha wa jahazi angeulaani lakini asingeuogopa. Upepo huhesabiwa kuwa wa kimbunga kamili unapofika kilomita 118 hivi kwa saa, na bahari halisi husugua sana, kwa hiyo sehemu kubwa ya kasi hizo hupotea njiani. Anayetaka anaweza kuvuta hewa kutoka mbali zaidi na kupata tarakimu kubwa zaidi. Uwiano kati ya mji na mji hautabadilika. Beira inabaki na ziada kubwa hata baada ya kutozwa ushuru wa msuguano. Unguja inabaki ukingoni. Mombasa hata bila ushuru haifiki. Na pale mzunguko usipopatikana, hewa inayokimbilia kitovuni hufika moja kwa moja, inalijaza pengo la mgandamizo, na mambo yanaishia kwenye ngurumo na mvua ya jioni. Wavuvi wa Ziwa Victoria wanazijua dhoruba za namna hiyo, nazo zimeua wengi, lakini dhoruba yao huzaliwa na kufa ndani ya saa chache.

Masharti mengine yapo, na nisingependa msomaji adhani nayaficha ili hoja yangu ing'ae. Mmarekani William Gray aliyaorodhesha mwaka 1968, na orodha yake bado inatumika: pamoja na joto na mzunguko, hewa ya katikati iwe na unyevu, pepo za juu na za chini zisivume kwa tofauti kubwa, na pawepo mchafuko fulani wa kuanzia, maana kimbunga hakizuki kutoka anga tulivu. Mbegu za vimbunga vingi vya Atlantiki, kwa mfano, ni mawimbi ya hewa yanayoanzia juu ya bara letu, upande wa Sudan na nyanda za juu za Ethiopia, yakavuka Sahel na kutokea baharini karibu na Cape Verde. Kimbunga kinachobomoa nyumba Florida huenda kilianza kama ngurumo Darfur. Tofauti ya pepo nayo inaeleza mengi. Ikiwa upepo wa juu unakwenda kwa kasi upande mwingine, nguzo ya joto hupinda na kukatika kama moshi wa jiko mlangoni penye upepo. Hilo ndilo limeiacha Atlantiki ya Kusini karibu bila vimbunga, hata Brazil iliposhangazwa na Catarina mnamo Machi 2004. Ndilo pia linaloigawa Bahari ya Arabuni misimu miwili, Mei na Juni, kisha Oktoba hadi Desemba: katikati ya mwaka kusi huvuma kwa nguvu mno chini, pepo za juu zinavuma kinyume chake, na pwani ya Somalia hupata maji baridi yanayopandishwa kutoka kilindini. Lakini masharti haya yote hubadilika kwa msimu, hata kwa wiki. Unyevu huja, pepo hutulia, mbegu hupita. Mgawo wa mzunguko haubadiliki kamwe, na ndiyo sababu naupa nafasi ya kwanza ninapozungumzia mahali badala ya wakati.

Pingamizi la kwanza linatoka mashariki ya mbali. Mwezi wa Desemba 2001 kimbunga Vamei kilizaliwa katika Bahari ya China Kusini, nyuzi 1.4 tu kaskazini mwa ikweta, karibu na Singapore. Mgawo wake wa mzunguko ulikuwa mdogo kuliko wa Lamu. Je, hoja imeanguka? Tuangalie kilitokeaje. Upepo baridi kutoka bara la Asia ulimiminika kusini kupitia ile bahari nyembamba kwa siku nyingi mfululizo, ukajipinda kandokando ya kisiwa cha Borneo, ukafanya kizingia kikubwa cha hewa kabla kimbunga hakijafikiriwa. Vamei hakuupata mzunguko wake kwa dunia moja kwa moja. Aliukopa, na mkopo huo ulihitaji jiografia ambayo haipatikani popote penginepo: mfereji wa bahari, kisiwa mahali pake, na baridi ya Asia nyuma yake. Bahari iliyo mbele ya Mombasa haina Borneo. Kwangu mimi Vamei anathibitisha umuhimu wa mzunguko kuliko anavyoukanusha, kwa kuwa pale dunia ilipokataa kuutoa ilibidi utafutwe kwingine.

Pingamizi la pili ni Somalia na Uarabuni. Gonu alipiga Oman Juni 2007; Mekunu akaingia karibu na Salalah Mei 2018; Shaheen akafika pwani ya Batinah Oktoba 2021; na Novemba 2020 Gati akaingia Somalia karibu na Ras Hafun, akiwa na nguvu kuliko kimbunga chochote kilichowahi kurekodiwa kuingia nchi hiyo. Watu wanaosoma habari hizi Mombasa huona kimbunga kimepiga juu yao na kingine kimepiga chini yao, wakadhani zamu yao imekaribia. Ila fungua ramani. Ras Hafun iko nyuzi 10 kaskazini. Mtwara iko nyuzi 10 kusini. Ni kama mtu na kivuli chake, na ikweta katikati. Oman iko mbali zaidi na ikweta kuliko zote mbili. Katikati, kutoka kusini ya Somalia hadi mpakani mwa Kenya na Tanzania, kuna pengo, na pengo hilo liko pale hasa ambapo hesabu yetu ya mzunguko ilisema litakuwa. Wala kimbunga cha upande mmoja hakiwezi kulivuka kwenda upande wa pili. Hakuna rekodi ya kilichofanya hivyo. Vya kusini huzunguka kama mishale ya saa, vya kaskazini kinyume, na hata kabla ya kufika mstarini dunia yenyewe huvisukuma polepole kuelekea nchani. Kimbunga kina tabia ya kuikimbia ikweta.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi zito kuliko yote, kwa sababu ni la nyumbani. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake na kuzamisha merikebu za Sultani Barghash bandarini; Pemba ilinusurika, na tangu hapo ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Aprili 1952 kingine kikaipiga Lindi. Aprili 2019 Kenneth alipita kaskazini kidogo ya Ngazija akaangukia Cabo Delgado, chini kidogo ya Mtwara. Aprili 2021 Jobo aliielekea Dar es Salaam akafifia kabla ya kufika. Tarehe 4 Mei 2024 Hidaya, jina lenye maana ya zawadi kwa Mswahili, alifika Mafia. Asemaye pwani ya Tanzania haina vimbunga anasema uongo, na sura hii haisemi hivyo. Inasema pwani hiyo iko ukingoni, na ukingo huvukwa. Tazama miezi: yote ni Aprili na mwanzo wa Mei. Wakati huo bahari imejaa joto la kiangazi kizima, na kule kusini mkanda wa mgandamizo mkubwa unaanza kujijenga tayari kwa kusi. Mkanda huo ukikaza huwa kama boma: kimbunga kilichozaliwa nyuzi 9 au 10 kusini hakipati mwanya wa kupinda kuelekea Madagaska ya kusini kama wenzake wa Januari na Februari, kinasukumwa magharibi moja kwa moja. Kinakuja na mzunguko kilioukusanya huko kilikotoka. Hidaya alipata nguvu juu ya bahari ya kaskazini mwa Komoro, akafika Mafia akiwa ameanza kuchoka. Jobo alichoka mapema zaidi. Tofauti kati ya kuzaliwa na kupita ni kubwa: hesabu ya latitudo inakataza kimbunga kuzaliwa mbele ya Tanga, lakini haikatazi kilichozaliwa kusini kije kumalizia pumzi zake huko.

Na dunia ikizidi kupata joto? Wengi wanadhani mipaka itafutika, kwamba bahari ya nyuzi 31 au 32 italipa pengo la Kenya kile lilichonyimwa. Rudi kwenye ile akiba ya Palmén. Bahari inapopata joto, hewa ya juu ya tropiki nayo hupata joto, na kizingiti cha 26 na nusu hupanda pamoja nayo. Hakibaki palepale kusubiri kurukwa. Mgawo wa mzunguko, kwa upande wake, haujui habari za kaboni. Lamu ina asilimia 4 leo na itakuwa na asilimia 4 mwaka 2100. Kinachobadilika ni uzito wa vile vinavyofika: hewa hubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi kwa kila nyuzi moja ya joto, na jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi linatarajia sehemu ya vimbunga vikali kati ya vyote iongezeke, hata kama idadi yao kwa jumla haitaongezeka. Kwa Mtwara, Lindi, Mafia na Unguja hiyo ni habari mbaya, kwa kuwa ukingo uleule utapigwa na vitu vizito zaidi. Kwa Malindi, si hoja ya kujenga ngome dhidi ya pepo.

Mtu wa Nairobi anaweza kuhitimisha kwamba basi vimbunga havimhusu. Huyo nambishia kwa ushahidi wa miaka miwili mfululizo. Machi 2019, Idai alipokuwa akizunguka katika Mlango wa Msumbiji, mvutano wake uliyaondoa mawingu yaliyotarajiwa Kenya na kaskazini ya Tanzania. Masika yakachelewa, na wakulima wakabaki wakisubiri. Mwaka mmoja kabla, Machi 2018, Dumazile na Eliakim walikaa upande wa mashariki wa Madagaska, mahali tofauti, na matokeo yakawa kinyume kabisa. Upepo uligeuka, ukaanza kuvuma kutoka magharibi, ukivuta unyevu wa misitu ya Kongo na kuuvusha juu ya Ziwa Victoria mpaka nyanda za juu za Kenya. Mvua ikanyesha kuliko kawaida, mito ikavunja kingo, na hapakuwa na jicho la kimbunga lolote ndani ya kilomita 2,000 kutoka Nairobi.